Wakati Uliopita wa Kifaransa na Usimulizi wa L'Étranger

Mwanafunzi wa Kifaransa hufundishwa wakati uliopita kama afundishwavyo hesabu. Hupewa jedwali la viishio, orodha ya vitenzi visivyofuata kanuni, na sharti la kuchagua kitenzi kisaidizi. Naye akishayahifadhi hayo huhesabiwa kuwa ameujua wakati uliopita. Hapana ubaya katika jedwali lenyewe, maana bila umbo hapana maana. Lakini jedwali hunyamaza mbele ya swali moja ambalo kila msomaji wa fasihi ya Kifaransa hana budi kuliuliza: ikiwa tendo lililokwisha ni moja, kwa nini lugha iwe na maumbo mawili ya kulitaja, na mwandishi akichagua hili akaacha lile amesema nini?

Swali hilo halikupata kuwa zito kuliko lilivyokuwa katika riwaya L'Étranger ya Albert Camus, iliyotolewa mwaka 1942. Riwaya hiyo husimuliwa karibu yote kwa umbo ambalo waandishi wa Kifaransa waliliachia mazungumzo na barua. Wahakiki wakubwa wameligusa jambo hili, lakini hawapatani juu ya maana yake. Hoja ya makala haya ni kwamba ugomvi wao waweza kuamuliwa kwa kurudi kwenye namna umbo hilo linavyoundwa, na kwamba msomaji wa Kiswahili ana kipimo kizuri cha kufanyia kazi hiyo, nacho ni kiambishi -ka-.

I

Maumbo makuu ya usimulizi ni matatu. La kwanza, passé simple, hapa litaitwa wakati sahili. Hilo ni neno moja: shina la kitenzi hupokea kiishio kimoja kinachobeba nafsi na wakati pamoja. Kutoka chanter, kuimba, hupatikana je chantai, il chanta, ils chantèrent. Kutoka finir, kumaliza, il finit, ils finirent. Kutoka courir, kupiga mbio, il courut. Kutoka venir, kuja, il vint. Asili yake ni wakati timilifu wa Kilatini.

La pili, passé composé, litaitwa wakati ambatani. Hilo ni maneno mawili: kitenzi kisaidizi cha wakati uliopo, yaani avoir, kuwa na, au être, kuwa; kisha umbo timilifu la kitenzi chenyewe. Hivyo husemwa j'ai chanté, j'ai fini, j'ai couru, lakini je suis venu. La tatu, imparfait, ni wakati usiotimilifu, ambao huchora hali iliyokuwa ikiendelea au desturi iliyokuwapo. Huundwa kwa kuchukua nafsi ya kwanza ya wingi ya wakati uliopo, kuondoa -ons, na kutia -ais, -ais, -ait, -ions, -iez, -aient: nous finissons hutoa je finissais. Être peke yake ndicho kitenzi kisichofuata njia hiyo, maana nous sommes haina -ons ya kuondoa, husemwa j'étais.

Penye utajiri wa maana ni umbo la pili. Avoir hutumika kwa vitenzi vilivyo vingi. Être hutumika kwa vitenzi vichache vya mwendo na mabadiliko ya hali, kama aller, venir, partir, naître na mourir, na kwa vitenzi vyote vya kujitendea, kama se lever. Penye être, umbo timilifu la vitenzi hivyo vya mwendo hufuata jinsi na idadi ya mtenda kama ifanyavyo sifa: il est venu, elle est venue, elles sont venues. Penye avoir, halimfuati mtenda kabisa; hufuata kitendwa, tena kitendwa kikitangulia tu. Husemwa j'ai écrit les lettres pasipo mabadiliko, bali les lettres que j'ai écrites, kwa sababu barua zimekwisha kutajwa kabla ya kitenzi. Kanuni hii, ambayo mshairi Clément Marot aliitetea katika karne ya 16 kwa kufuata mfano wa Kiitalia, imewatesa watoto wa Ufaransa kizazi baada ya kizazi, na wengi huiona kuwa ukaidi wa wanasarufi.

Lakini si ukaidi mtupu, ni kumbukumbu. Katika Kilatini usemi habeo litteras scriptas maana yake ilikuwa "nina barua zilizoandikwa". Mtu alitaja mali aliyo nayo sasa, na neno "zilizoandikwa" lilikuwa sifa ya barua, si tendo la msemaji. Taratibu, kutoka katika kuwa na kitu kilichotendwa, watu wakaingia katika kukitenda: aliye na barua zilizoandikwa huchukuliwa kuwa ndiye aliyeziandika. Umiliki ukawa utendaji, na hali ya sasa ikawa tendo lililopita. Ukubaliano wa umbo timilifu na kitendwa ni kovu la safari hiyo.

Msemaji wa Kiswahili hawezi kustaajabia safari hii, kwani lugha yake yaonyesha jambo la jamaa hiyo. Kiambishi -me-, ambacho wataalamu wengi hukihusisha na kitenzi cha kale chenye maana ya kumaliza, mara hutaja hali na mara hutaja tendo. "Mtoto amelala" ni habari ya sasa: yumo usingizini. "Mtoto ameandika barua" ni habari ya kazi iliyokwisha, ingawa matokeo yake yangalipo. Kiambishi ni kimoja, na uzito wake hugeuka kwa kitenzi kinachofuata. Hali kadhalika il est mort yaweza kuwa "ni maiti sasa" au "alifariki wakati fulani", na Kifaransa hakimlazimishi msemaji kusema ni ipi.

II

Kwa muda mrefu wanasarufi wa Ufaransa walijaribu kugawanya kazi kati ya wakati sahili na wakati ambatani kwa kipimo cha saa. Sarufi ya Port-Royal, iliyotungwa na Arnauld na Lancelot na kutolewa mwaka 1660, yafundisha kwamba wakati sahili haufai ila kwa jambo lililopita kwa siku moja au zaidi. Jambo la leo litajwe kwa wakati ambatani. Kanuni hii ilikuwa na meno. Tamthilia Le Cid ya Corneille ilipochezwa mwaka 1637 na kuzusha magomvi, Académie française iliipitia beti kwa beti, ikamlaumu mtungaji kwa kumpa mhusika mmoja wakati sahili kwa tendo ambalo usiku ulikuwa haujapita tangu litendeke. Kosa la mshairi lilikuwa kuyasema mambo ya leo kana kwamba ni ya jana.

Mgawanyo wa namna hii si mgeni katika lugha za Afrika. Katika Luganda yagenze humtaja aliyekwenda leo au karibuni, na yagenda humtaja aliyekwenda jana au zamani. Kiswahili sanifu hakina sharti hilo. "Alikwenda" yatosha kwa asubuhi ya leo na kwa enzi za mababu. Tofauti ni kwamba katika Luganda sharti limo katika vinywa vya watu wote, ambapo katika Kifaransa wanasarufi walikuwa wakiilinda desturi iliyokuwa ikilegea. Wakati ambatani uliendelea kuteka mambo ya jana, kisha ya mwaka jana, kisha ya wakati wowote. Antoine Meillet aliandika mwaka 1909 juu ya kutoweka kwa umbo sahili, na leo Mfaransa akizungumza nyumbani au sokoni halitumii. Limebaki katika vitabu: katika historia, riwaya na ngano za watoto.

Hapo ndipo tofauti ya saa ilipogeuka kuwa tofauti ya kikao. Roland Barthes, katika Le Degré zéro de l'écriture (1953), aliona kwamba wakati sahili hauonyeshi tena muda. Ni alama ya sanaa, ahadi kwa msomaji kwamba ulimwengu atakaosimuliwa umekwisha kupangwa na kila jambo lina mahali pake. Émile Benveniste, katika makala aliyoyatoa mwaka 1959, aliliweka jambo kwa utaratibu wa kiisimu: nyakati za Kifaransa si jamii moja bali mbili. Jamii moja ni ya historia, ambamo matukio hupita pasipo msemaji kuonekana. Wakati sahili ni mali yake. Jamii ya pili ni ya usemi, ambamo daima yupo "mimi" anayemwambia "wewe". Wakati ambatani ni mali yake. Wakati usiotimilifu hukaa kotekote.

III

Sasa yaweza kupimwa aliyoyatenda Camus. Meursault, karani mjini Algiers, asimulia mazishi ya mama yake, siku zilizofuata, mauaji aliyoyafanya ufukweni, na kesi iliyomfikisha kwenye hukumu ya kifo. Isipokuwa mahali pachache, matendo yote hutajwa kwa wakati ambatani. Riwaya ya Kifaransa ilikuwa imezoeza wasomaji wake kinyume chake, na Camus mwenyewe alirudi kwenye wakati sahili katika La Peste (1947). Kwa hiyo hapana shaka kwamba alichagua kwa kukusudia.

Jean-Paul Sartre ndiye aliyelitia jambo hili katika uhakiki, katika insha aliyoitoa mwezi wa Februari 1943. Kwa maoni yake, wakati ambatani hukikata kitenzi vipande viwili: upande mmoja kisaidizi kisicho na uzito, upande wa pili umbo timilifu lililolala kama kitu. Tendo hupoteza mwendo wake, na sentensi hutengana na jirani zake kama visiwa. Mwandishi aliyeamini kwamba ulimwengu hauna sababu alipata kitenzi kisichoungana na kitu.

Hoja hii ina nguvu, lakini ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba, kama umbo lenyewe ndilo linaloua mwendo, basi Wafaransa wote wangekuwa wakizungumza kama Meursault tangu asubuhi hata jioni, kwa kuwa wote hutumia umbo hilo hilo. Mama asimuliaye safari yake ya sokoni kwa wakati ambatani hatoi visiwa. Hutoa habari moja iliyoshikamana, kwa sababu huunganisha kwa "kisha", "kwa hiyo" na "basi". Athari ya L'Étranger haitokani na umbo peke yake, bali na umbo la mazungumzo kuwekwa penye kiti cha historia, tena likipunguziwa viunganishi ambavyo mazungumzo hayana budi kuwa navyo.

Kasoro ya pili yaonekana kwa kumweka Sartre karibu na Benveniste. Benveniste, ambaye katika makala yale ya 1959 aliitaja insha ya Sartre kwa heshima, asema kwamba wakati ambatani huunga tukio lililopita na sasa ya msemaji; ni wakati wa shahidi. Sartre aona mkato, Benveniste aona kiungo. Je, mmoja amekosea? La. Kila mmoja ametazama upande wake. Kisaidizi cha wakati uliopo hurudiwa katika kila kitenzi: j'ai, j'ai, je suis, j'ai. Kila tendo hufungwa upya kwenye sasa ya msemaji, na kwa sababu hiyo halihitaji kufungwa kwenye tendo lililolitangulia. Ni mfano wa shanga ambazo kila moja ina uzi wake mkononi mwa mwenyewe, badala ya kutungwa zote katika uzi mmoja. Mkono ukizikusanya zakaa pamoja; zenyewe kwa zenyewe hazishikani. Umbo la kitenzi, basi, lilikuwa limekwisha kulijibu swali ambalo wahakiki wawili walilijibu nusu nusu.

Ushahidi umo tangu mlangoni mwa kitabu. Habari ya kwanza ni kifo cha mama, nayo hutajwa kwa mourir, kimojawapo cha vitenzi vya être, chenye ile sura mbili za hali na tendo. Papo hapo msimulizi asema hajui kama kifo kilitokea siku ile au siku iliyotangulia, kwa kuwa simu ya maandishi aliyoletewa haikueleza. Msomaji akumbukaye kanuni ya Port-Royal hataweza kulipita jambo hili bila kusimama. Mpaka kati ya leo na jana, ambao kwa ajili yake Corneille alilaumiwa, ndio ambao Meursault hawezi kuuona. Na wakati ambatani, uliokwisha kuumeza mpaka huo, ndio umbo pekee linalomruhusu aseme asichokijua bila kusema uongo.

Ushahidi wa pili umo ufukweni. Jua, joto na mng'ao wa bahari huchorwa kwa wakati usiotimilifu, kama hali isiyo na mwanzo wala kikomo. Matendo huangukia juu yake kwa wakati ambatani. Tena risasi ya kwanza haina mtu: kifyatulio cha bastola ndicho kinachofanywa mtenda. Baada ya hapo ndipo nafsi ya kwanza inaporudi, na Meursault asema kuwa alipiga mara nne nyingine. Sarufi imeweka mpaka kati ya risasi moja na risasi nne. Mahakama itataka kuujua mpaka huo, na mshtakiwa hatakuwa na jibu.

IV

Yote haya yaweza kubaki mambo ya Wafaransa mpaka mtu ajaribu kuyasema kwa Kiswahili. Hapo jedwali la shuleni humdanganya. Waliosoma katika Kongo au Burundi, ambako Kifaransa na Kiswahili hukutana, waweza kuzoea kuulinganisha wakati ambatani na -me- na wakati sahili na -li-. Ulinganifu huo hufaa mahali pachache tu. J'ai mangé yaweza kuwa "nimekula" mbele ya mwenyeji anayekaribisha, lakini "nilikula" penye habari ya jana. Wala wakati sahili si -li- tupu, kwa kuwa msimulizi wa Kiswahili hatungi hadithi kwa -li-. Huanza kwa -li- kisha hushika -ka-.

Tabia ya -ka- ndiyo inayofaa kuangaliwa. Katika masimulizi -ka- haina wakati wake yenyewe. Huuazima kwa kitenzi kilichotangulia. "Nilirudi nyumbani, nikapika, nikala, nikalala": ondoa kitenzi cha kwanza, na vilivyobaki vyakosa pa kusimama. Kila tendo hukanyaga bega la tendo lililopita. Haisemi wazi kwamba la kwanza lilisababisha la pili, lakini humfanya msikilizaji aone njia moja yenye mwelekeo mmoja. Hii ni kinyume kamili cha wakati ambatani kama Camus alivyoutumia, ambamo kila kitenzi huja na kisaidizi chake wala hakiazimi kitu kwa jirani.

Mfasiri mzuri, mwenye sikio la hadithi za pwani, atavutwa kumpa Meursault -ka-, na ukurasa wake utasomeka kwa utamu. Lakini atakuwa ameharibu kesi. Maana sehemu ya pili ya riwaya ni nini, kama si kuyachukua matendo yaliyosimuliwa mbalimbali na kuyatunga katika uzi mmoja? Meursault hakulia mazishini, alikunywa kahawa yenye maziwa karibu na jeneza, siku ya pili yake alioga baharini, alikutana na Marie, alitazama sinema ya kuchekesha, baadaye aliua. Katika simulizi yake mambo haya hayana undugu. Mwendesha mashtaka ndiye anayeyapa undugu. Kwa Kiswahili dai lake lingeweza kuwekwa hivi: hakulia, akanywa kahawa, akaenda kuogelea na mwanamke, akacheka, akaua. Hapana tendo jipya lililoongezwa. Umeongezwa uzi tu, na uzi huo ndio uliomnyonga mtu. Mfasiri akiitia -ka- kinywani mwa Meursault tangu ukurasa wa kwanza, amemfanyia mwendesha mashtaka kazi yake kabla hajasimama kusema.

Kwa hiyo njia iliyo salama ni kumpa Meursault -li- inayorudiwa: "Nilirudi nyumbani. Nilipika. Nilikula. Nililala." Penye mashaka ya hali na tendo, hasa katika habari ya kifo mwanzoni, -me- ishike mahali pake, kwani "amekufa" ina sura mbili zile zile za Kifaransa. Wakati usiotimilifu upewe "alikuwa aki-" na "-kuwa na". Nayo -ka- iwekwe akiba mpaka mahakamani, itolewe kwa wale wanaojua kutunga habari za wenzao.

Pingamizi moja ni la haki, wala halina dawa kamili. Wakati ambatani ni usemi wa kila siku wa Mfaransa. -Li- inayorudiwa si usemi wa kila siku wa Mswahili, ambaye hata akisimulia habari za sokoni hutumia -ka-. Meursault wa Kiswahili atasikika mgeni zaidi kuliko Meursault wa Kifaransa. Atapoteza ule unyonge wa mtu anayezungumza tu. Hasara hiyo ipo. Lakini kati ya hasara mbili, kupoteza lafudhi ya mazungumzo ni kupoteza rangi, bali kupoteza utengano wa matendo ni kupoteza shauri lenyewe ambalo kitabu kimeandikwa kwa ajili yake.

Jedwali la viishio, basi, lisidharauliwe. Mwanafunzi anayeuliza kwa nini neno moja limekuwa mawili, kwa nini barua zikitangulia huongezwa -es, na kwa nini mtu huenda kwa être na kupiga mbio kwa avoir, anauliza maswali ya fasihi bila kujua. Mwalimu akimjibu kwamba ni kanuni tu, amemfungia mlango ambao Camus aliupitia. Akimwonyesha kwamba katika kila j'ai yumo mtu aliyesimama leo akilishika tendo lake, moja moja, atakuwa amemfundisha wakati uliopita, na pamoja nao namna ya kumsikiliza mshtakiwa kabla ya kumhukumu.